Injini Imeshika: Utengeneze Ile ya Zamani au Ununue Nyingine?

Simu ya mjomba iliingia saa kumi na moja na nusu asubuhi, na mjomba si mtu wa kupiga simu saa hiyo. "Mpwa wangu, gari imekataa." Alikuwa anapanda ule mlima wa Mai Mahiu na masanduku ya nyanya kutoka Naivasha, akielekea Marikiti. Taa nyekundu ya joto iliwaka kabla hajafika juu. Akajiambia atasimama Rironi. Hakufika. Injini ilipoteza nguvu, ikakwaruza kama mtu anayesaga mawe, kisha ikazima. Alipogeuza ufunguo tena, stata ilitoa "ka!" moja tu, basi.

Ile Probox ndiyo inalipa karo ya binamu zangu wawili. Kwa hivyo hofu ilikuwa kubwa, na mtu mwenye hofu hulipa haraka. Kufikia saa sita mchana gari lilikuwa limevutwa hadi gereji ya karibu, mtu akalitazama kwa dakika kumi, akasema "injini imeisha", na mjomba akatuma KSh 25,000 kwa namba aliyopewa ili "spea zianze kutafutwa". Jioni hadithi ilikuwa imebadilika: sasa si spea tena, ni injini nzima, na ile 25,000 ilikuwa ya "kufungua na kuangalia". Nitairudia hiyo pesa baadaye, manake ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Niseme mapema kwamba mimi nilisomea uuzaji, si ufundi wa magari. Yaliyo hapa nimeyajua kwa kusimama kwenye gereji tatu na mjomba kwa karibu wiki mbili, nikiuliza maswali ambayo makanika wengine waliyachoka. Lakini kila wiki tunapokea maswali ya wateja waliotuma pesa nyingi kwa ajili ya gari na sasa hawaelewani na fundi, na mara nyingi shida haikuanzia kwenye simu. Ilianzia pale mtu alipolipa kabla ya kujua analipia nini.

Kwanza, una uhakika imeshika?

Injini kushika maana yake ni kwamba krenki, ule mtaimbo wa ndani unaozungushwa na pistoni, haiwezi kuzunguka tena. Chuma kimeshikana na chuma. Lakini ule mlio wa "ka!" hauna maana hiyo moja tu. Betri iliyoisha nguvu hufanya hivyo. Vichwa vya betri vilivyolegea au kuota kutu hufanya hivyo. Stata iliyokufa pia. Na kuna kisa ambacho wengi hawakijui: oltaneta, pampu ya maji au kompresa ya AC inaweza kukwama yenyewe na kushikilia belti, ukadhani injini ndiyo imekufa kumbe ni kifaa kimoja cha pembeni.

Kwa hivyo kuna kipimo ambacho hakihitaji kompyuta. Makanika apime betri kwanza. Kisha avute kijiti cha kupimia oili aone kama kuna oili na ina rangi gani. Atoe belti ya mbele. Atoe plagi zote, ili injini isiwe inabana hewa. Halafu achukue soketi na mkono mrefu wa spana, ashike ile nati kubwa ya puli ya krenki, ajaribu kuizungusha kwa mkono, taratibu, kwa upande ambao injini huzunguka kawaida.

Ikizunguka vizuri, injini yako haijashika. Tafuteni shida kwingine, na umeokoa pesa nyingi. Ikizunguka kidogo kisha igonge kitu, huenda kuna vali iliyopinda au kipande kimevunjika ndani. Isiposonga kabisa hata baada ya kutoa belti na plagi, hapo ndipo neno "imeshika" linakuwa la kweli.

Makanika anayekuambia injini imekufa na hajashika hata spana moja, mwambie asante na umlipe nauli yake.

Ilishika kwa sababu gani?

Swali hili lina uzito kuliko bei, manake sababu ndiyo huamua kama kuna cha kutengeneza.

Kisa chepesi ni maji. Mvua za Machi hadi Mei 2024 zilipofurika Nairobi, magari mengi yaliingia kwenye maji, injini ikavuta maji badala ya hewa. Maji hayabaniki kama hewa, kwa hivyo pistoni inasimama ghafla. Dereva akiacha kuwasha mara moja, wakati mwingine inatosha kutoa plagi, kuyasukuma maji nje, kubadilisha oili na chujio, na gari linaondoka. Dereva akiendelea kugeuza ufunguo, ule mkono unaobeba pistoni, yaani konrodi, hupinda, na hapo hesabu inakuwa nyingine kabisa. Kwa hivyo gari likizima ndani ya maji, ufunguo usiuguse tena. Lisukumwe.

Gari lililokaa muda mrefu bila kuwashwa nalo linaweza kushika kwa kutu kwenye silinda. Mafundi humwaga mafuta ya kulainisha kupitia matundu ya plagi, wanaacha siku kadhaa, kisha wanajaribu kuzungusha kwa mkono. Mara nyingine inafunguka. Jaribu hilo kabla ya kununua chochote.

Kisa cha tatu ni kukosa oili, na hiki ndicho kinaua injini nyingi kimyakimya. Oili ikiisha au pampu ya oili ikishindwa, beringi za krenki zinakauka, zinayeyuka, na injini inaanza kunoki. Ule mlio wa nyundo unaousikia ukikanyaga mafuta ni injini ikikuomba usimame. Ukiendelea, beringi inazunguka pamoja na krenki na kuikwaruza. Mbaya zaidi, konrodi inakatika na kutoboa ubavu wa injini. Ukiona tundu kwenye bloku, usimlipe mtu "kuifungua tuangalie". Hiyo umemaliza, unatafuta injini nyingine au unauza gari lilivyo.

Na kisa cha nne ni cha mjomba: joto. Rejeta ilikuwa imeziba, maji hayakuwa yanapita vizuri, na mzigo ulikuwa mzito kwenye mlima. Injini ikichemka kupita kiasi, pistoni za alumini hupanuka zikakwaruza kuta za silinda, na silinda hedi, lile jumba la juu lenye vali, linaweza kupinda au kupasuka. Gasketi katikati inaungua, maji yanaingia kwenye oili.

Ndiyo maana oili ya zamani ni ushahidi. Iondolewe kwenye chombo safi ukiwa umesimama hapo. Ikiwa inameremeta vipande vidogo vya chuma, beringi zimekwisha. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Piga picha. Ya mjomba ilikuwa chai ya maziwa, na kulikuwa na mng'aro kidogo pia.

Kufungua injini yote

Hapa watu huchanganya mambo mawili. Kuna kubadilisha ringi na gasketi, ambayo ni kazi ya injini inayokunywa oili lakini bado inazunguka. Na kuna kuifungua yote, kupima kila kitu na kuijenga upya. Injini iliyoshika haiponi kwa ringi tu. Fundi akikuambia "tunaweka ringi na beringi, inatosha" kabla ya kupeleka krenki ipimwe, jua mtaonana tena baada ya miezi michache.

Kazi kamili inapeleka vipande kwenye karakana ya mashine. Krenki inapimwa na ikibidi inasagwa, kisha inawekewa beringi zinazolingana na ukubwa wake mpya. Silinda zinapimwa, zikiwa zimekwaruzwa zinachongwa upya na kuwekewa pistoni kubwa zaidi au mikono mipya ya silinda. Hedi inapimwa kama imepasuka, kisha inasawazishwa. Pampu ya oili, pampu ya maji na thamostati zinabadilishwa, na kile kilichosababisha shida kinaondolewa.

Uzuri wake ni kwamba unaijua injini yako. Namba yake iko kwenye logbuku, historia yake ni yako, na ikijengwa na mtu makini inaweza kukuhudumia miaka. Ubaya ni kwamba bei ya mwanzo si bei ya mwisho. Hakuna anayejua krenki iko vipi hadi itoke. Kwa hivyo usiombe bei moja. Omba mbili: bei kama krenki na hedi ni nzima, na bei kama moja wapo imekataa. Fundi mzoefu hatakasirika kuulizwa hivyo, ameshakutana na hali zote mbili.

Na muda. Foleni ya karakana ya mashine haijui kwamba wewe una nyanya zinazooza.

Kununua injini iliyotumika

Njia ya pili ni ile injini inayotoka Japani, iliyong'olewa kwenye gari lililotumika huko. Nairobi wengi huanzia Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, au Industrial Area. Kwa gari kama Probox hii ni rahisi, manake injini yake ya 1NZ-FE, ile ya cc 1,500, ndiyo hiyo hiyo imo kwenye Fielder nyingi na Toyota nyingine kadhaa. Zipo sokoni. Kama unaendesha gari la Ulaya ambalo ni nadra barabarani, hesabu yako ni tofauti: injini inaweza kuwa adimu na ghali, na kujenga upya ile uliyo nayo mara nyingi ndiyo njia pekee yenye akili.

Tatizo la injini ya mtumba ni moja: hujui imeishi vipi. Muuzaji atakuambia "hii haijatembea", na wewe huna njia ya kubisha kwa maneno. Una njia ya kupima. Nenda na makanika wako, si yule anayeletwa na muuzaji. Fungueni kifuniko cha oili: tope jeusi zito ndani linasema oili haikuwa ikibadilishwa, na ute wa rangi ya krimu unaweza kuwa dalili ya maji. Izungusheni kwa mkono. Pimeni kompresheni kwenye kila silinda. Namba zikaribiane, moja ikiwa chini sana kuliko nyingine achaneni nayo. Kama muuzaji anaweza kuiwasha ikiwa chini, bora zaidi.

Uliza inakuja na nini. Kuna bei ya injini tupu na kuna bei ya injini pamoja na oltaneta, stata, sensa na nyaya zake. Mtu amenunua kwa bei nafuu akashangilia, kisha akamaliza wiki akinunua sensa moja moja.

Halafu dhamana. Wauzaji wengi hutoa muda mfupi wa kujaribu. Iandikwe kwenye risiti: siku ngapi, na ikikataa unarudishiwa pesa au unapewa injini nyingine? Na nani analipa fundi kuifungua na kuifunga mara ya pili? Hilo la mwisho hakuna anayeliuliza hadi siku limfike.

Namba ya injini na logbuku

Hapa wengi hupita haraka, na baadaye wanajuta. Namba ya injini imeandikwa kwenye logbuku yako. Ukiweka injini nyingine, gari barabarani na gari kwenye karatasi si kitu kimoja tena, hadi uombe mabadiliko kwa NTSA kupitia akaunti yako na gari likaguliwe. Utahitaji kuonyesha injini imetoka wapi, kwa hivyo risiti ya muuzaji yenye namba ya injini pamoja na nakala ya hati za kuingizwa nchini si mapambo.

Injini isiyo na karatasi inaweza kuwa imetoka kwenye gari la mtu aliyeibiwa. Hata kama haijaibwa, siku ya kuuza gari mnunuzi atalinganisha namba, na siku ya ajali kampuni ya bima nayo inaweza kuuliza. Injini ya bei ya kutupwa ambayo muuzaji hataki kuiandikia risiti, mwachie mwenyewe.

Tukiwa hapo kwenye bima: bima kubwa hulipa ajali, wizi, moto. Kuharibika kwa mitambo kwenyewe kwa kawaida hakumo. Mafuriko ni suala jingine, soma karatasi yako au mpigie wakala.

Sasa tupige hesabu

Hii ni karatasi ya mjomba, na bei zake ni zake. Zako zitategemea gari, mji na mwezi. Nakuonyesha jinsi ya kuhesabu tu.

Kujenga injini ile ile, aliambiwa KSh 82,000 ikiwa krenki na hedi ni nzima, pamoja na oili na vichujio. Rejeta mpya 12,000. Jumla 94,000.

Injini ya mtumba yenye karatasi, 75,000. Kuifunga, 15,000. Oili, kulanti, vichujio na belti, 9,500. Rejeta ile ile, 12,000. Jumla 111,500.

Mtu akiishia hapo anasema kujenga ni nafuu kwa 17,500, na mjomba ndivyo alivyosema. Lakini gari hilo humletea kama KSh 2,500 kwa siku akishatoa mafuta na mizigo. Kujenga kungechukua siku 12 za kazi, hiyo ni 30,000 haipo. Kubadilisha kungechukua siku 4, hiyo ni 10,000. Ukiongeza, kujenga ni 124,000 na kubadilisha ni 121,500. Tofauti ni 2,500, yaani siku moja ya kazi. Ile njia "nafuu" haikuwa nafuu tena.

Kama gari lako ni la kwenda kanisani Jumapili na dukani, huna hasara ya kila siku, na kujenga kunaweza kukushindia. Kama ni la biashara, siku za kukaa bila gari ni gharama kama spea yoyote ile. Ziandike.

Kisha linganisha na gari lenyewe. Mabroka wawili walikubali kwamba Probox ya mjomba ikitembea inafika kama 430,000. Ilivyo, imekufa, walitoa 230,000. Kwa hivyo kuitengeneza kunaongeza thamani ya 200,000 kwa gharama ya takriban 120,000. Inafaa. Lakini tuseme ingekuwa gari la zamani la 180,000 likitembea na 90,000 likiwa limekufa: ungekuwa unatumia 120,000 kupata 90,000. Hapo unauza lilivyo, hata kama unalipenda, na hiyo pesa unaianzishia lingine.

Usiweke kwenye hesabu pesa ulizolipa zamani. Mjomba alikuwa amebadilisha giaboksi miezi minane kabla, na kila mara alikuwa akisema, "lakini si nimetumia pesa nyingi kwa hii gari?" Umetumia, ndiyo, na haitarudi ukitengeneza wala ukiuza. Giaboksi nzuri inahesabika kwa jambo moja tu: gari hili halitakudai giaboksi hivi karibuni. Vivyo hivyo angalia bodi, chasi na sasipenshoni. Injini nzuri ndani ya gari linalooza kwa kutu ni kama kushona kiraka kipya kwenye shati lililochakaa.

Mwisho wa mambo, hedi ndiyo iliyoamua. Karakana ya mashine ilikuta imepasuka, na hedi nyingine ingeipandisha ile 82,000. Mjomba akachukua injini ya mtumba.

Pesa inatoka vipi kwenye simu yako

Sasa ile 25,000. Mjomba aliporudi kuidai, alikuwa na ujumbe wa simu wenye jina la mtu ambaye gereji ilisema "hayuko leo". Hakukuwa na risiti, hakukuwa na karatasi ya makadirio, na hakuna aliyeandika pesa ilikuwa ya nini. Baada ya kwenda mara nne alirudishiwa 10,000. Nyingine ilikuwa ya "leba".

Akaniuliza, "Si nyinyi mko huko ofisini? Irudisheni tu." Ilibidi nimweleze jambo ambalo wateja wengi hawapendi kulisikia. Kurudisha pesa kupo kwa mtu aliyekosea namba, na hata hapo ni bora uombe mara moja kabla haijatolewa. Ukituma kwa namba uliyokusudia, kwa hiari yako, kisha kazi isifanyike, hilo ni deni kati yako na fundi. Sisi hatuwezi kuamua nani mkweli kati yenu kuhusu injini. Tunachoweza kukupa ni taarifa ya akaunti yako inayoonyesha siku, saa, kiasi na jina. Ni ushahidi, lakini unasaidia zaidi ukiwa na karatasi ya kuushikilia.

Kwa hivyo kabla ya kutuma chochote, pata makadirio yaliyoandikwa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari, na makadirio kabla ya kazi ni haki yako, si ukaidi. Vilevile una haki ya kudai vipande vya zamani vilivyotolewa. Vidai. Beringi iliyoyeyuka inaonekana kwa macho.

Spea kubwa zilipe wewe mwenyewe, moja kwa moja kwa duka, kwa namba ya till au paybill ya biashara. Kabla hujaweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa si jina la duka lililo kwenye risiti, simama, uliza. "Hiyo till ina shida leo, tuma kwa hii ya mtu wangu" ni sentensi ambayo imewagharimu watu wengi pesa. Kama till kweli ina shida, itapona kesho. Wewe umeshakaa siku tatu bila gari, ya nne haitakuua.

Leba ilipe kwa awamu. Mjomba wa mara ya pili alilipa 5,000 injini ilipong'olewa, 5,000 mpya ilipoingia, na 5,000 za mwisho baada ya kuendesha gari hadi Limuru na kurudi bila taa ya joto kuwaka. Kila mara alimtumia fundi ujumbe mfupi: "Nimekutumia 5,000 ya kung'oa injini, imebaki 10,000." Fundi akajibu "sawa mzee". Hayo maneno mawili ni mkataba wa kutosha kwa watu wanaoaminiana, na yanawazuia kuacha kuaminiana.

Na mkopo wa simu? Ile huduma ya kukamilisha malipo salio likipungua ni ya siku chache, unanunua oili leo na mshahara unaingia Ijumaa. Kuibebesha injini nzima ni makosa. Ada ya kila siku inaonekana ndogo, lakini ada ya shilingi 25 kwa siku, ukikaa nayo siku 30, ni 750, na deni lenyewe bado liko pale pale. Kwa kiasi kama hiki nenda kwenye sacco au chama chako kwanza. Mjomba alichukua 80,000 kwa sacco yake, akaongeza akiba, na karo ya muhula haikuguswa. Ilikaribia.

Wiki za mwanzo

Injini ikishaingia, mwambie fundi awashe ikiwa baridi mbele yako, na mkae hapo hadi feni ya rejeta ijiwashe na kujizima yenyewe. Angalieni chini kama kuna linalodondoka. Wiki ya kwanza pima oili na maji kila asubuhi kabla ya kuwasha, na kamwe usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Usibebe mzigo kamili mara moja kama bado uko ndani ya siku za dhamana, lakini usiliegeshe nyumbani pia. Litumie, lipandishe mlima, ili kama kuna shida ijitokeze wakati muuzaji bado ana wajibu. Andika kwenye simu tarehe ambayo dhamana inaisha, weka kikumbusho siku mbili kabla, na siku hiyo mpelekee fundi aliangalie tena hata kama halina shida.

Ya mjomba iliisha Jumanne. Jumatatu tulilipeleka, thamostati ikakutwa inavuja kidogo kwenye ukingo. Ilibadilishwa bure.